Tone la pili la damu

CHALINZE ni njia panda. Basi litokalo Dar es Salaam likifika hapo huwa na njia mbili: kunyoosha kuelekea Morogoro na Dodoma, au kukata kulia kuelekea Msata, daraja la Wami na Segera, hadi Tanga, Moshi na Arusha. Abiria wengi huijua Chalinze kwa dakika chache tu, za kununua maji na nanasi la Kiwangwa kupitia dirishani. Lakini nyuma ya barabara hizo kuna Miono, Mbwewe, Kibindu, Mandera na Mkange, kuna wakulima wa muhogo na ufuta na wafugaji wenye ng'ombe, na kuna zahanati ambazo mganga wake hupokea wagonjwa wa kila namna akiwa na vifaa vichache. Ni huko ambako swali la kisukari cha watoto lina uzito wake wa kweli.

Hali ya mtoto anayeanza kuugua maradhi hayo inafahamika kwa wataalamu, ingawa haifahamiki kwa umma. Mtoto wa darasa la tatu huanza kuomba ruhusa ya kwenda haja ndogo kila mara, na mwalimu humdhania mtoro. Hunywa maji bila kukata kiu. Usiku hukojoa kitandani ilhali alikwisha acha tabia hiyo, na nyumbani hugombezwa. Sisimizi hukusanyika mahali alipokojoa. Hukonda ingawa anakula, na wazazi husema ni minyoo. Kisha, katika muda wa siku au wiki chache, hutapika, tumbo humuuma, na huanza kupumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyetoka mbioni. Pumzi yake hunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Katika nchi yenye malaria, mtoto wa namna hiyo huitwa mgonjwa wa malaria au wa homa ya mapafu. Na pasipo na elimu, huambiwa karogwa. Asipopata insulini hufa, na kifo chake huhesabiwa chini ya jina la ugonjwa usiokuwa wake.

Huyo ndiye mtoto anayepaswa kuwa mbele ya macho ya kila mtumishi wa umma na kila mwalimu, wakati habari za maendeleo makubwa ya sayansi zinapotoka nchi za nje na kudai kufuatwa. Maana ni kweli kwamba sayansi imefika mahali ambapo inaweza kusoma damu ya mtoto mzima wa afya na kueleza, miaka kadhaa kabla, kwamba mtoto huyo yu njiani kuelekea kwenye kisukari. Swali ni hili: elimu hiyo imfikie mtoto wa Chalinze kwa utaratibu gani, na nini kitangulie?

MOSHI NA MOTO

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Mwili wa binadamu una askari wake wa ulinzi. Adui akiingia, kama vile kirusi cha surua, mwili hutengeneza kingamwili, nazo humtambua adui huyo na kumng'ang'ania ili apigwe. Hiyo ndiyo siri ya chanjo. Lakini katika kisukari cha aina ya kwanza askari huwageukia raia. Huzishambulia seli ziitwazo beta, zilizomo ndani ya kongosho, ambazo ndizo zinazotengeneza insulini. Bila insulini sukari hubaki katika damu, na mwili hufa njaa katikati ya shibe. Mwili huo huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na asidi zitokanazo na uchomaji huo ndizo zinazomfanya mtoto atapike na kuhema.

Mwaka 1974 wataalamu wa London, miongoni mwao Gian Franco Bottazzo na Deborah Doniach, walitangaza kwamba wameziona katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa kisukari kingamwili zinazolenga kongosho la mgonjwa mwenyewe. Tangu hapo zimetambuliwa za aina nne zenye kutegemewa: zinazolenga insulini yenyewe, zinazolenga protini ziitwazo GAD na IA-2, na zinazolenga protini inayobeba zinki, iitwayo ZnT8, ambayo iligunduliwa kuwa shabaha ya kingamwili hizo mwaka 2007. Kingamwili hizi sizo hasa zinazoziua seli beta, kwani kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na chembe nyingine za kinga. Hizi ni moshi. Faida yake ni kwamba moshi huonekana mapema, wakati moto ungali unafukuta ndani ya paa.

Nguvu ya ubashiri huo haina shaka mahali ulikopimwa. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Anette-Gabriele Ziegler wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watoto waliofuatiliwa tangu utotoni nchini Marekani, Finland na Ujerumani. Kati ya watoto waliokutwa na kingamwili za aina mbili au zaidi, 7 katika kila 10 waliugua kisukari katika muda wa miaka 10. Waliokuwa na aina moja tu, waliougua hawakufika 2 katika kila 10. Kutokana na ushahidi huo, tangu mwaka 2015 wataalamu wengi huhesabu kwamba kisukari cha aina ya kwanza huanza siku mtoto anapokutwa na kingamwili mbili, hata kama sukari yake bado ni ya kawaida na anacheza mpira na wenzake.

Matendo yamefuata. Mwaka huo huo wa 2015 jimbo la Bavaria, Ujerumani, lilianza kuwapima watoto wadogo wanapopelekwa kliniki kwa uchunguzi wa kawaida. Mwezi Novemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kuuchelewesha ugonjwa huo, iitwayo teplizumab, ambayo katika majaribio ilisogeza mbele kuanza kwake kwa muda wa miaka miwili hivi. Mwaka 2023 Bunge la Italia lilipitisha sheria ya kuwapima watoto wa nchi nzima.

Mtu asiyetafakari anaweza kuhitimisha kwamba Tanzania nayo imechelewa, na kwamba dawa ya kuchelewa ni kununua mashine zile zile na kuanza kupima. Hitimisho hilo si sahihi, na sababu zake zinastahili kuelezwa moja baada ya nyingine.

MOTO USIO NA MOSHI

Sababu ya kwanza imo katika damu ya Waafrika wenyewe. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda, Kamerun na Afrika Kusini. Walipimwa watu 894 ambao walianza kuugua wakiwa watoto au vijana, na ambao waganga waliwahesabu kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Katika kila 100 kati yao, 65 hawakukutwa na kingamwili yoyote kati ya zilizopimwa. Ni kweli kwamba kingamwili hufifia miaka inavyopita tangu ugonjwa uanze. Lakini watafiti walichunguza pia urithi wa wagonjwa, na wale wasio na kingamwili hawakuwa na mzigo wa urithi unaoambatana na kisukari cha aina ya kwanza kwa kiwango walichokuwa nacho wenzao. Wala hawakufanana na wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, kile cha watu wazima wanene. Upungufu wao wa insulini ulikuwa wa kweli, na chanzo chake hakijajulikana.

Jambo hili halikuwa geni kabisa Dar es Salaam. Mwaka 2007 Dk. Lutale na wenzake walichapisha uchunguzi wa kingamwili hizo miongoni mwa wagonjwa wa kisukari wa jiji hilo, na hata wale wa aina ya kwanza waliokutwa nazo hawakufika nusu.

Maana ya matokeo hayo ni nzito. Iwapo kipimo cha kingamwili kitawekwa kuwa mlango wa kupitia, basi watoto wengi wa Afrika watafika mlangoni na kuambiwa kwamba wao si wagonjwa wa aina hiyo. Mtoto mwenye moto usio na moshi atarudishwa nyumbani akiwa na cheti cha usalama, na wazazi wake, kwa kukiamini cheti hicho, watachelewa zaidi siku kiu itakapoanza. Vibaya zaidi, mtoto ambaye tayari anatumia insulini anaweza kunyimwa kwa sababu karatasi ya maabara inasema hana kingamwili. Kipimo kilichobuniwa kwa damu ya watoto wa Finland na Bavaria ni kipimo kizuri kwa watoto hao. Kukihamisha bila kukihakiki ni sawa na kumkata mtu nguo kwa kipimo cha jirani yake.

HESABU YA MWALIMU

Sababu ya pili ni ya hesabu, na mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Katika Bavaria watoto zaidi ya 90,000 walipimwa katika miaka ya mwanzo, na waliokutwa na kingamwili mbili au zaidi walikuwa 280, yaani 3 hivi katika kila 1,000. Hiyo ni nchi ambako kisukari cha aina ya kwanza ni maradhi ya kawaida ya watoto. Finland, inayoongoza duniani, imeona wagonjwa wapya zaidi ya 50 kwa mwaka katika kila watoto 100,000. Dar es Salaam, katika miaka kumi ya 1982 hadi 1991, Dk. Swai, Dk. Lutale na Profesa Donald McLarty waliwahesabu wagonjwa wote wapya wa umri mdogo, na wakapata mmoja na nusu hivi kwa mwaka katika kila 100,000.

Sasa na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba katika wilaya fulani watoto 10,000 wanapimwa, na kwamba 3 kati yao ndio wenye hatari ya kweli. Na ichukuliwe kwamba kipimo ni kizuri sana na hukosea mara moja tu katika kila 100. Watoto 100 hivi watapewa jina la ugonjwa ambao hawana, ili wale 3 wapatikane. Nyumba 100 zitaingiwa na hofu, baadhi zitauza mbuzi na mashamba kutafuta waganga, na hakuna zahanati yenye uwezo wa kuwafuatilia wote kwa miaka 10. Kadiri ugonjwa unavyokuwa adimu, ndivyo kengele ya uongo inavyolia mara nyingi zaidi kuliko ya kweli.

Hata hivyo hesabu hiyo ya Dar es Salaam ina tundu ambalo ni lazima lionyeshwe. Ilihesabu watoto waliofika hospitali na kutambuliwa. Aliyefia njiani, aliyezikwa kwa jina la malaria, na aliyefichwa kwa mganga wa kienyeji hakuingia katika daftari. Hakuna ajuaye kwa hakika ni wangapi. Hapo ndipo inapojitokeza sababu ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote: taifa haliwezi kutabiri ugonjwa ambao bado halijaweza kuutambua unapokuwa umesimama mlangoni.

BANGO LA PARMA

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawanyima wanyonge matunda ya sayansi, na kwamba kila kitu kipya kikiahirishwa kwa ajili ya umaskini, umaskini hautakwisha. Malalamiko hayo ni ya haki, na jibu lake linapatikana katika historia ya Italia yenyewe, nchi iliyotunga sheria ya kingamwili.

Katika mkoa wa Parma, kaskazini mwa Italia, miaka ya mwisho ya 1980 ilikuwa ya kusikitisha. Katika kila watoto 100 waliogundulika kuwa na kisukari, 78 walifikishwa hospitali damu yao ikiwa imekwisha jaa asidi. Mwaka 1991 Dk. Vanelli na wenzake walianza kampeni isiyokuwa na mashine yoyote kubwa. Walichapisha bango na kulipeleka katika shule na kwa waganga wa watoto. Bango lilieleza dalili chache, na juu ya zote lilimwonya mzazi kuhusu mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena. Walimu walielezwa. Waganga walipewa vifaa vya kupimia sukari. Katika miaka iliyofuata, hadi mwaka 1997, idadi ya watoto waliofika katika hali ile ya hatari ilishuka kutoka 78 hadi 12 na nusu katika kila 100.

Kazi hiyo ilifanywa na bango na mwalimu, bila kingamwili hata moja kupimwa. Sheria ya kingamwili ilikuja zaidi ya miaka 25 baadaye, juu ya msingi uliokwisha jengwa. Yafaa pia kukumbuka kwamba hata Bavaria, faida iliyoonekana mapema ya kipimo cha kingamwili ilikuwa ile ile ya Parma: wazazi waliokwisha onywa walizijua dalili, na watoto wachache sana walifika hospitali wakiwa mahututi. Onyo ndilo lililookoa. Na onyo hilo, kwa sehemu kubwa, linaweza kutolewa na mwalimu wa shule ya msingi Mbwewe sawasawa na profesa wa Munich.

TONE LA PILI

Kwa hiyo kinachotakiwa Chalinze kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Leo mtoto mwenye homa akifika zahanati hutobolewa kidole, na tone la damu huwekwa katika kipimo cha haraka cha malaria. Utaratibu huo umekuwa wa kawaida hata vijijini. Kidole kimekwisha tobolewa, maumivu yamekwisha pita, na damu ipo. Tone la pili, likiwekwa katika mashine ndogo ya kupimia sukari, litatoa jibu kabla mama hajamaliza kumfunga mtoto nguo. Si lazima kila mtoto mwenye mafua apimwe. Lakini mtoto yeyote anayetapika, anayehema, aliyekonda ghafla, aliyelegea au asiyejitambua, apimwe sukari bila kujali kipimo cha malaria kimesema nini. Maana mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na kisukari kwa wakati mmoja.

Tone hilo huokoa pande zote mbili. Malaria kali huweza kuishusha sukari ya mtoto hadi akazimia, na tiba yake ni kumpa maji ya sukari katika mshipa. Kisukari huipandisha sukari hadi mtoto akazimia vile vile, na maji ya sukari kwake ni kuni juu ya moto. Kwa macho matupu watoto hao wawili wanaweza kufanana. Mganga asiye na kipimo analazimika kubahatisha, na si haki kumlaumu kwa bahati mbaya wakati amenyimwa kifaa cha kuiondoa.

Mashine yenyewe ni ndogo. Kinachokwamisha mara nyingi ni stripu zake, ambazo hutumika mara moja na kutupwa. Mashine isiyokuwa na stripu ni pambo la kabati. Halmashauri zinapopanga bajeti za dawa na vifaa, stripu hizo zihesabiwe pamoja na vipimo vya malaria, wala zisiachwe ziwe za hospitali za wilaya na mikoa peke yake. Safari ya kutoka Kibindu au Mkange hadi hospitali ya Msoga ni ndefu kwa mtoto ambaye damu yake inageuka asidi. Zahanati ikimtambua asubuhi, ikamwanzishia maji ya chumvi na kutafuta gari, jioni yu hai. Ikimtambua kesho yake, huenda hayupo.

Kumtambua mtoto bila insulini ni kumtangazia kifo. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14, alidungwa mwezi Januari 1922. Baada ya zaidi ya miaka 100 hakuna sababu ya heshima ya mtoto kuikosa. Chama cha Kisukari Tanzania kimefanya kazi tangu miaka ya 1980, na kliniki za watoto zimeenea kutoka Muhimbili hadi mikoani. Lakini kwa miaka mingi insulini ya watoto wengi imetolewa bure kwa mipango inayofadhiliwa kutoka nje. Msaada si dhambi, ila uhai wa mtoto hauwezi kutegemea daima moyo wa mfadhili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itapimwa, pamoja na mengine, kwa jambo hili: je, mtoto wa mkulima wa Lugoba anapata insulini, sindano na stripu mwezi hadi mwezi, bila baba yake kuuza shamba? Hata joto la pwani lina dawa yake ya kienyeji. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini, hupunguza joto la chupa ya insulini, na familia nyingi za Afrika zimeitunza hivyo.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Humwona mtoto saa nyingi kuliko mganga, na mara nyingine kuliko mzazi. Kiu isiyokatika, kukojoa kusikokwisha, kukonda na kuchoka: dalili nne hizo zinaweza kuandikwa katika bango moja na kubandikwa katika kila ofisi ya mwalimu mkuu kutoka Vigwaza hadi Mbwewe. Mtoto anayeomba ruhusa mara tano katika kipindi kimoja asichapwe kabla hajapimwa.

NAFASI YA KINGAMWILI

Je, kingamwili basi ziachwe? La hasha. Zina nafasi yake Tanzania, nayo ni nafasi ya utafiti kabla ya kuwa nafasi ya huduma. Kila mtoto mpya anayetambuliwa kwa tone la pili angeweza, kwa ridhaa ya wazazi wake, kuchukuliwa damu kidogo ili ipimwe kingamwili siku zile zile za mwanzo, kabla hazijafifia. Ndugu zake wa tumbo moja wangeweza kufuatiliwa, kwa kuwa hatari yao ni kubwa kuliko ya watoto wengine, ingawa katika nchi zilizochunguzwa wengi wa wanaougua hawana ndugu mwenye ugonjwa huo. Baada ya miaka kadhaa taifa lingejua ni watoto wangapi wana moto wenye moshi, na ni wangapi wana moto wa namna nyingine.

Uwezo wa kazi kama hiyo si ndoto. Mjini Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000. Katika majaribio hayo damu ya watoto ilipimwa kwa uangalifu ili kuona kama chanjo imewajengea kingamwili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike. Wazazi wa pwani hii waliwatoa watoto wao kwa elimu ambayo sasa inawafaa watoto wa bara zima. Utafiti wa kisukari una haki ya kuomba heshima hiyo hiyo.

Tena Tanzania ina mfano mwema wa kutokubali kila kinachosemwa juu yake. Wakati fulani wataalamu wa dunia waliamini kwamba muhogo wenye sumu, ukiliwa na watu wasiopata chakula bora, huleta kisukari. Na mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliweka katika orodha yake kisukari kinachotokana na utapiamlo. Dk. Swai, Profesa McLarty na wenzao walikwenda kwa wananchi waliokula muhogo wa namna hiyo, wakawapima, na mwaka 1992 wakachapisha jibu: muhogo haukuwa na hatia. Mwaka 1999 kundi hilo la kisukari cha utapiamlo liliondolewa katika orodha. Mwezi Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, lilipokutana Bangkok, lililirejesha suala hilo kwa jina la kisukari cha aina ya tano. Mjadala ungali wazi. Huenda baadhi ya vijana wasio na kingamwili wamo katika kundi hilo, huenda hawamo. Watakaotoa jibu la kuaminika ni wale watakaopima, kama walivyopima wale wa mwaka 1992, kwa subira na kwa idadi, katika vijiji vyenyewe.

Maadui waliotajwa tangu taifa hili lipate uhuru walikuwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kifo cha mtoto aliyekuwa na kiu ni kazi ya wote watatu kwa pamoja. Ujinga humwita mtoro, maradhi humkausha, na umaskini huiweka stripu mbali na kidole chake. Kipimo cha kingamwili kitakapofika kila wilaya, na siku hiyo yafaa ifike, kikute zahanati zinazojua kumtambua mtoto mgonjwa, walimu wanaojua kumtuma, na insulini inayomsubiri. Kikikuta pengo, kitatabiri tu vifo ambavyo hakuna aliyejiandaa kuvizuia. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mwenye kuyasoma mawingu, kama hajaezeka nyumba yake, ataloa kama wengine.